Sura ya 7: Kijana wa Kuingiza Nyimbo

Ukitoka Geita mjini kuelekea Bwanga, Katoro unaisikia kabla hujaiona. Spika zimetolewa barazani, kila duka na wimbo wake, na pembeni ya spika kuna meza, kompyuta, na kijana ambaye kazi yake ni kuingiza nyimbo. Mteja anampa memori kadi au flashi, anasema anachotaka, analipa, anaondoka zake. Wengi ni wachimbaji wa Rwamgasa na Nyarugusu waliokuja kuuza dhahabu au kununua mahitaji, na wanarudi machimboni na nyimbo za wiki nzima mfukoni.

Mteja huyo hatoi orodha. Husema tu: niwekee za harusi, au niwekee za Bhudagala, au niwekee zinazopigwa sasa hivi. Kijana ndiye anayejua zinazopigwa sasa hivi ni zipi. Anajua wimbo uliotoka juzi Kahama tayari umeshafika, anajua upi umechosha watu, anajua yupi kati ya waimbaji wawili wenye majina yanayofanana ndiye anayetakiwa. Mama lishe anayetaka nyimbo za kuchezesha mgahawani kwake hapewi zile anazopewa nyoka, kama wanavyoitwa wachimbaji wa chini, anayeshuka duarani, yaani shimoni, zamu ya usiku.

Sura hii inahusu kujenga huduma ya chaneli za video mtandaoni kwa kutumia API za kampuni nyingine. Naianza Katoro kwa sababu wahandisi wengi wakimtazama kijana yule wanaona kitu cha muda, pengo ambalo intaneti ya kasi ikifika litajiziba. Mimi naona yeye ndiye huduma yenyewe. Video ziko tele na mashine za kuzihifadhi zimeshajengwa na wengine, California na kwingineko. Kinachokosekana ni mtu anayejua nani anasikiliza nini, na programu inayoandikwa kwa ajili ya ukanda huu inapaswa kuanza na ujuzi wake.

Ni ukanda mkubwa. Sensa ya 2022 ilihesabu karibu watu milioni 3 katika Mkoa wa Geita, ulioundwa mwaka 2012, na zaidi ya milioni 2.2 katika Mkoa wa Shinyanga. Sehemu kubwa yao wanazungumza Kisukuma, lugha ya kabila kubwa kuliko yote nchini. Lakini leseni za utangazaji Tanzania hutolewa kwa vituo vya Kiswahili na Kiingereza. Sera hiyo ina historia yake katika ujenzi wa taifa na siyo kazi ya sura hii kuibishia. Ninachotaka msomaji akione ni matokeo yake. Mtu wa Msalala anayetaka kusikia Kisukuma saa nzima bila kukatizwa hana masafa ya kufungulia. Ana simu. Na waimbaji wameshaliona hilo: Bhudagala Mwanamalonja, Ngelela Samo, Limbu Luchagula na wenzao wengi wamejaza YouTube nyimbo ambazo vichwa vyake huandikwa kwa mtindo mmoja: jina la mwimbaji, jina la wimbo au la mwenye harusi aliyeimbiwa, kisha jina la studio, Lwenge Studio au Mbasha Studio au nyingine. Shinyanga kwenyewe Malunde 1 Blog imezoea kuweka nyimbo hizo mpya kati ya habari za mkoa, video ikiwa imepachikwa kutoka YouTube. Yaani kazi ya kuchagua na kupachika imeshaanza, na imeanzia nyumbani.

Tena mashindano ya kuvuta watazamaji Usukumani hayakuja na simu. Vyama viwili vikubwa vya ngoma, Bagika na Bagalu, ambavyo asili yake hutajwa kuwa waganga wawili, Ngika na Gumha, hushindana baada ya mavuno, mwezi wa sita na kuendelea, kwa utaratibu ambao mtu asiyeujua hushangaa: makundi yote mawili hucheza kwa wakati mmoja kwenye uwanja mmoja. Watazamaji wanatembea. Kundi lililokusanya umati mkubwa ndilo lililoshinda. Kwa hiyo kila mbinu ya kuwavuta watu hutumika: nyoka, nungunungu, sanamu za mbao zinazochezeshwa, mavazi, utani wa kuwachoma wapinzani, na dawa za mvuto. Anayetaka kuyaona hayo leo anaweza kwenda Bujora, Kisesa, karibu na Mwanza, wakati wa sherehe za Bulabo mwezi Juni. Mtafiti wa muziki Hugh Tracey alipita Tanganyika mwaka 1950 na mashine zake za kurekodi na kuchukua sauti za Usukumani. Mtafiti mwingine, Frank Gunderson, alichapisha mwaka 2010 kitabu kinene cha nyimbo za kazi za Wasukuma, za kulima na za kubeba mizigo na za kuwinda. Wote wawili walikuta jamii ambayo imeshazoea kumpima msanii kwa idadi ya miguu iliyosimama mbele yake.

Nambari ya watazamaji iliyo chini ya video ni ndugu wa karibu wa mashindano hayo. Kuna tofauti moja, nayo ni kubwa. Uwanjani mtazamaji huwaona wote wawili, akachagua, akavuka kwa miguu yake. Kwenye simu algoriti ndiyo inayomletea video inayofuata, nayo humletea kwa kuangalia watu waliobofya hii walibofya nini baadaye. Kisukuma hakimo katika lugha ambazo YouTube huziandikia manukuu yenyewe, kwa hiyo yanayoimbwa ndani ya wimbo mashine haiyajui. Haitofautishi wimbo wa kuwasifu wakulima na wa kumsema jirani. Inachokiona ni picha ya juu, kichwa cha habari na mibofyo. Ndiyo maana mtu aliyeanza na wimbo mtulivu wa Ngelela baada ya nusu saa anajikuta kwenye video za watu wanaoanguka kwenye matope, wala hakumbuki alifikaje.

Sasa tujenge.

API ni njia ambayo huduma moja huiacha wazi ili programu za wengine ziulize maswali na kupata majibu. Programu yako inatuma ombi, kwa mfano nipe video 50 za mwisho za chaneli hii, na seva inarudisha maandishi yaliyopangwa: kitambulisho cha kila video chenye herufi 11, kichwa chake, tarehe, muda wake. Video yenyewe huipati. Unapata taarifa zake, pamoja na ruhusa ya kuipachika ndani ya ukurasa au programu yako kwa kutumia kichezeshi cha YouTube chenyewe. Vimeo na Dailymotion nazo zina API za namna hii, lakini nyimbo za Kisukuma ziko YouTube, kwa hiyo huko ndiko nitakakokaa.

Kila ombi lina bei. Huilipi kwa shilingi; unailipa kwa uniti. Mradi mpya hupewa uniti 10,000 kwa siku, mgawo ambao zamani ulikuwa 1,000,000 kabla haujashushwa. Kutafuta kwa maneno, kama mtu anavyoandika kwenye kisanduku cha juu, kumekuwa kukigharimu uniti 100 kwa mara moja. Kusoma orodha ya video za chaneli unayoijua tayari kunagharimu uniti 1.

Bei hizo zinastahili kutulia nazo kidogo, maana ndani yake kuna ramani nzima ya huduma yako. Anayejenga kwa kutafuta ana nafasi 100 tu kwa siku. Watumiaji 100 wakiandika neno moja moja asubuhi, huduma imelala hadi kesho. Anayejenga kwa kuwajua watu wake anaweza kupitia chaneli 150 za studio na waimbaji mara nne kwa siku na akatumia uniti 600. Mwenye API, bila shaka kwa sababu zake za gharama za mitambo, ameweka bei ambayo humfanya mjuzi alipe mara mia pungufu kuliko mgeni. Kijana wa Katoro analo tayari kichwani jambo ambalo kampuni ya Dar es Salaam au Nairobi italitafuta kwa uniti 100 kila mara na bado ikosee.

Kwa nini ikosee? Jaribu kuandika jina. Bhudagala huandikwa pia Budagala. Ng'wana huandikwa Ngwana, na wengine wakaligeuza kuwa Mwana. Alama ile ya juu kati ya g na w katika simu nyingi ni ya kuitafuta, basi watu huiacha. Mwimbaji mmoja anaweza kuwa na majina matatu kwenye chaneli tano. Kwa hiyo jambo la kwanza la kujenga, kabla hata ya ukurasa wa mbele, ni daftari la majina: mwimbaji mmoja, tahajia zake zote, chaneli anazopatikana, studio anazorekodia. Linaweza kuwa jedwali la kawaida kwenye hifadhidata. Litajazwa na watu, tena watu wanaotofautisha sauti ya mtu wa Bariadi na ya mtu wa Sengerema, na wiki za kulijaza hazitakuwa zimepotea.

Baada ya hapo mambo ni mepesi zaidi kuliko yanavyosikika. Kila chaneli ya YouTube ina orodha ya video zake zote, na kitambulisho cha orodha hiyo hufanana na cha chaneli isipokuwa herufi mbili za mwanzo, ambapo UC inakuwa UU. Unaisoma, unahifadhi vitambulisho, unaviweka mezani kwa mchaguzi, yaani mtu wa aina ya yule kijana wa Katoro. Mchaguzi anatazama na kupanga: hii iende chaneli ya harusi, hii ya kulima, hii ya Bagalu, hii isiende popote. Mtumiaji akifungua huduma anapewa kilichopangwa kutoka kwenye hifadhidata yako, bila kuigusa API kabisa, na video ikianza kuchezwa haili uniti hata moja. YouTube pia ina utaratibu wa kuiarifu seva yako chaneli inapopandisha video mpya, nao hauhesabiwi kwenye mgawo. Ukiutumia vizuri hata zile uniti 600 zitapungua.

Mgawo huanza upya saa sita ya usiku kwa saa za California, ambayo kwetu ni saa nne au saa tano asubuhi kutegemea majira yao. Ukimaliza uniti zako usiku wa Jumamosi, wakati nyimbo mpya zinapandishwa na watu wako macho, hutapata nyingine mpaka Jumapili watu wametoka ibadani. Kazi nzito za seva zipange kuanzia saa tano asubuhi, na akiba ya jioni usiiguse.

Masharti yanakutaka pia usikae na taarifa ulizochukua zaidi ya siku 30 bila kuzihuisha au kuzifuta. Watengenezaji wengi hulalamikia sharti hili. Mimi nalipenda. Video hufutwa, chaneli hufungwa, kwa sababu maonyo matatu ya hakimiliki ndani ya siku 90 huiondoa, mwenye video hubadili mawazo na kuzuia isipachikwe mahali pengine. Huduma isiyohuisha rafu yake huwa makaburi ya visanduku vyeusi. Na kuhuisha ni rahisi: ombi moja la uniti 1 hukagua video 50, kwa hiyo rafu ya video 2,000 inakaguliwa yote kwa uniti 40.

Nimesema mchaguzi anaamua hii iende na hii isiende. Kuna uamuzi mwingine ulio mzito zaidi: wimbo ule ule uuchukue kutoka chaneli ya nani. Wimbo wa harusi uliovuma utaukuta mahali sita. Mmoja umepandishwa na mwimbaji, mwingine na studio iliyopiga picha, na nyingine nne na watu walioupakua na kuupandisha tena kwa jina lao, wakati mwingine kwa picha ya juu inayovutia kuliko ya mwenyewe. Algoriti hukuletea wenye watazamaji wengi. Ukipachika video, hesabu ya mtazamo huenda kwa aliyeipandisha. Tangu Januari 2018 chaneli ya video ndefu inahitaji wafuatiliaji 1,000 na saa 4,000 za kutazamwa ndani ya miezi 12 ili ipate sehemu ya mapato ya matangazo. Kwa wimbo wa dakika nane, saa 4,000 ni mara 30,000 za kutazamwa kutoka mwanzo hadi mwisho. Huduma ndogo ya Kahama inayochezwa kwenye saluni, migahawa na mabasi inaweza kumvusha mwimbaji kizingiti hicho, au ikampa mwizi wake saa zile zile. Hakuna kitu katika API kitakachokuambia yupi ni yupi. Mchaguzi anapiga simu studio, anauliza.

Hata studio na mwimbaji wana hesabu zao. Mara nyingi studio ndiyo iliyogharimia picha na ndiyo inayomiliki chaneli, na mwimbaji hulipwa na mwenye harusi aliyemwalika. Makubaliano hayo ni yao. Ila daftari lako lionyeshe jina la mwimbaji kwa herufi kubwa kuliko la chaneli, maana masharti ya API yanakudai uoneshe video imetoka YouTube lakini hayakukatazi kumtaja aliyeimba, alikotoka na chama chake cha ngoma.

Kwa hesabu hii memori kadi ya Katoro haimpi mwimbaji chochote. Wimbo ukishaingia kwenye kadi hauhesabiki tena. Lakini tuiheshimu kwa inachoweza. Wimbo wa video kwa ubora wa kati hula takriban megabaiti 4 hadi 5 kwa dakika, kwa hiyo ule wa dakika nane ni kama megabaiti 35. Sauti peke yake ya ubora wa kawaida ingekula megabaiti 8. Mchimbaji anataka sauti, simu ikiwa mfukoni, skrini imezimwa, mtandao ukiwepo au usiwepo. Masharti ya YouTube yanakataza mambo hayo yote: hupakui video, hutenganishi sauti na picha, huendelezi wimbo skrini ikiwa imezimwa, hufuniki matangazo, kichezeshi hakiwi kidogo kuliko pikseli 200 kwa 200. Zamani mtengenezaji aliweza kuagiza ubora mdogo. Siku hizi agizo hilo halifanyi kazi, kichezeshi hujikadiria chenyewe kwa kasi ya mtandao na ukubwa wa dirisha. Anayekuahidi kuyapata hayo kwa API anakuongoza kwenye kufungiwa.

Njia halali ipo, nayo haipiti California. Ni bodaboda kwenda studio. Mwenye wimbo anaweza kukupa faili la sauti kwa mkataba wa ukurasa mmoja, ukalihifadhi kwenye seva yako na kuliuza kwa bei ndogo kwa simu, wakati video inabaki YouTube ikihesabiwa. Jason Njoku alianza hivyo kwa filamu za Nigeria: mwaka 2010 alianza kununua haki kwa watayarishaji wa Lagos mmoja mmoja, akazipandisha kwenye chaneli ya YouTube iliyoitwa Nollywood Love, na mwishoni mwa 2011 akazindua iROKOtv ikiwa na mlango wake yenyewe. Nairobi, Buni TV ilianzishwa mwaka 2012 ikichagua filamu fupi na vipindi vya Kiafrika, ikanunuliwa na kampuni ya Trace mwaka 2016. Hawa wote walielewa mapema kwamba kuchagua bila mkataba kunaishia kwenye kiwanja cha mtu mwingine.

Na kiwanja hicho watu wa Geita wanakielewa kuliko wahandisi. Mwenye duara huchimba ndani ya leseni ya mtu mwingine. Anagharimia matimba, kamba, pampu, chakula cha manyoka. Mawe yakitoka mifuko inagawanywa, mwenye leseni anachukua sehemu yake, mwenye shamba yake, mwenye duara yake. Utaratibu huo unaweza kwenda vizuri miaka mingi. Lakini mwenye duara mwenye akili hajengi nyumba ya matofali mdomoni mwa shimo, maana leseni ikiuzwa kwa mwingine yeye hana karatasi. API ni leseni ya mtu mwingine. Mwaka 2015 YouTube ilizima toleo la pili la API yake, na televisheni na vifaa vya miaka michache tu nyuma vikabaki bila YouTube, vikionesha tangazo moja la kueleza kwamba haviwezi tena. Agosti 2023 iliondoa njia ya kuuliza video zinazohusiana na video fulani, na kila huduma iliyokuwa inajaza foleni yake kwa swali hilo ikapoteza foleni. Walioipanga kwa mkono hawakuhisi kitu.

Kwa hiyo tenganisha mali tangu siku ya kwanza. Vichwa, picha za juu, idadi ya watazamaji: hivyo ni vya YouTube na unavishika kwa masharti. Daftari la majina, mpangilio wa chaneli, maelezo aliyoandika mchaguzi, tafsiri fupi ya Kiswahili ya kinachoimbwa, mikataba na studio: hivyo ni vyako. Viweke kwenye majedwali tofauti, uvinakili kila usiku mahali pengine, na uandike programu yako ili sehemu inayozungumza na YouTube iwe ndogo, inayoweza kung'olewa na kuwekwa nyingine kwa wiki moja ya kazi.

Sheria nayo ina mlango wake. Mwaka 2018 kanuni za maudhui ya mtandaoni chini ya Sheria ya Mawasiliano ya Kielektroniki na Posta ya 2010 zilimtaka mwenye blogu au televisheni ya mtandaoni alipe shilingi 100,000 za maombi, 1,000,000 za leseni na 1,000,000 nyingine kila mwaka. Wengi walizima tovuti zao mwezi Juni mwaka huo. JamiiForums yenyewe ilifunga kwa muda. Kanuni mpya zilikuja 2020 na kurekebishwa tena baadaye, kwa hiyo kabla ya kuzindua nenda TCRA, mamlaka ya mawasiliano, ukaulize huduma yako inaingia kundi gani. Ukiwa na mikataba ya sauti, COSOTA ndiyo ofisi ya hakimiliki. Ukianza kukusanya namba za simu za wateja, Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inakuhusu. Haya yanachosha kuyasoma, lakini ni nafuu kuliko kufungiwa ukiwa umeshapata wasikilizaji.

Nirudi kwa mchaguzi, kwa sababu kwenye bajeti nyingi za huduma kama hizi fedha huenda kwa seva, mbunifu wa rangi na matangazo, naye akaachwa ajitolee. Kazi yake ni ya kila siku. Nyimbo mpya hutoka bila ratiba. Baada ya mavuno zinatoka kwa mfululizo kwa sababu ndiyo majira ya ndoa na ngoma. Mvua zikianza watu wanarudi mashambani na nyimbo za kulima zinapata maana yake. Akiwa mmoja ataelemea upande wa anaowapenda, na mtu wa Bagika akipewa peke yake chaneli ya Bagalu usitarajie muujiza. Wawe angalau watatu, kutoka sehemu tofauti: Kahama, ambako kuna studio nyingi na wafanyabiashara wanapitia, Katoro, kwa ajili ya machimbo, na mmoja wa vijijini, Kishapu au Nyang'hwale, ambako nyimbo bado zinaimbiwa jembe. Mmoja wao awe mwanamke. Wanawake wanaoponda mawe na kuosha marudio, yaani mchanga uliokwisha oshwa, kwenye mialo nao husikiliza saa nyingi, na orodha zinazopangwa na wanaume peke yao zimejaa nyimbo za kuwasifu wanaume wenye magari.

Walipwe kwa mwezi, na juu yake wapate asilimia ya mauzo ya sauti kwenye chaneli wanazozipanga. Jina la mchaguzi lionekane juu ya chaneli yake, kama jina la mtangazaji linavyoonekana kwenye kipindi, ili msikilizaji akichoshwa ajue amlaumu nani. Na wapewe chombo rahisi: simu tu, ukurasa mmoja wenye video mpya za siku, vitufe vitatu vya kuweka, kuacha na kuuliza studio, na nafasi ya mistari miwili ya maelezo. Wengi wao wameanza kazi hii kwenye kompyuta isiyo na betri, umeme ukikatika wanasubiri. Hawahitaji mafunzo ya kuchagua. Wanahitaji mafunzo ya nusu siku ya namna ya kumtambua aliyeipandisha video kwanza: kulinganisha tarehe za kupandishwa, kusikiliza mwimbaji anataja studio gani ndani ya wimbo, kuangalia namba ya simu iliyoandikwa kwenye picha. Waimbaji wa Kisukuma huweka namba zao waziwazi kwenye video, kwa sababu mwenye harusi inayofuata atawatafuta kwa namba hiyo, na mchaguzi akiipiga atampata mwenye wimbo mwenyewe.